Vibandiko Sita

Kila mtu alipewa vibandiko sita,
vya kijani, vya duara,
vidogo kama vifungo vya shati la mtoto.
Ramani niliichora mimi, majira matatu ya baridi,
nikaitandaza juu ya meza za ukumbi wa zimamoto
huko Wisconsin, Machi, theluji ikidondoka paani
tone, tone, kama mtu anayehesabu deni lake.

Wilaya nne. Mto mmoja, Wenona,
ambao haujawahi kusoma kibao cha mpaka.
Maeneo ya kulindwa: arobaini na moja.
Fedha: za maeneo sita, tena kwa kujibana.

"Bandika panapostahili kuanza," nikasema,
na neno *kuanza* likabaki mezani
kama sahani moja mbele ya wageni thelathini.

Orville Tveit, ng'ombe themanini wa maziwa,
alilitafuta shamba lake la chini kwa kidole.
"Buluu hii ni nini?"
Ni mahali maji yanapotaka kulala.
"Yameshalala. Mwaka wa gharika
yalilala hadi kwenye kochi la mama."
Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

Mai Yer Vang, mkulima wa mboga,
alivibandika vitatu mahali pamoja:
uwanja wa kuegesha magari wa duka lililofungwa.
"Hiyo si asili, mama, hiyo ni lami," mtu akasema.
Bintiye akasikiliza, akatafsiri:
"Ndiyo maana, anasema.
Mvua yote ya lami ile hushukia kabichi zake.
Ivunjeni. Pandeni mierebi, ina kiu."

Dorothea Kuchta, aliyeendesha basi la shule
mpaka goti likakataa breki,
alikuja na daftari la kobe waliopondwa
Barabara ya Kumi na Saba, tarehe na saa.
Hakutaka msitu. Alitaka kalavati,
upana wa mikono miwili, chini ya lami.
"Kobe huyu hutaga akitimiza miaka kumi na minne.
Lori huchukua kufumba na kufumbua."
Akabandika vyote sita, kimoja juu ya kingine,
kikawa kijilima.

Diwani mmoja akauliza, kwa adabu kabisa,
kila duara lile ni kodi kiasi gani inayopotea.
Nilikuwa na jedwali. Nilikuwa na bei ya mabomba,
bei ya ukuta wa mto, bei ya makochi.
Lakini nilichokikumbuka ni methali:
maji yakimwagika hayazoleki.
Aliyeitunga hakuwahi kukiona kinamasi
kikiyazoa, polepole, kwa mizizi,
na kuyarudisha Agosti visima vinapokohoa.
Sikuisema. Nilisoma jedwali.

Na hili sijalisema popote:
mialoni ya kilima cha Sorrel niliipaka
kijani kilichokoza kidogo kuliko haki yake.
Ndipo nilipojifunza kutaja ndege kwa sauti zao.
Hakuna aliyepabandika.
Ramani haikunidanganyia, nami nikaiheshimu,
ingawa usiku ule sikulala vizuri.

Tulipokunja meza nilihesabu.
Mia moja sabini na tisa.
Orville alikuwa ameondoka
na cha sita kimemganda kwenye kidole gumba.
Nikaandika katika ripoti: *kimoja hakijulikani kilipo*.

Aprili nilipita kupima kina cha maji.
Shamba la chini lilikuwa limelaliwa,
bata wawili juu yake, hawana habari na kikao.
Nilikitafuta kile kibandiko langoni, kwenye nguzo,
kwenye sanduku la barua. Hakikuwepo.

Ila uzio wa ng'ombe
ulikuwa umesogezwa, hatua kama thelathini,
kuelekea juu,
na misumari ilikuwa bado inang'aa.